Nyama Isiyochinjwa na Zizi la Jirani

Mafungu ya kujifunza: Mwanzo 1:29, 30, Mwanzo 9:3, 4, Mwanzo 13:5–12, Hesabu 11, Mithali 12:10, Ezekieli 34:17–19, Warumi 14:13–21.

Wazo kuu: Kumhurumia mnyama ni wajibu wa kila amchaye Mungu. Lakini huruma hiyo haijakamilika mpaka iulize ni nani atakayelipa gharama yake.

Mavuno ya mpunga yakiisha katika mashamba ya Ubaruku, wilayani Mbarali, ng'ombe huingizwa majarubani kula mabua yaliyobaki. Maksai waliovuta plau wakati wa kulima wamo humo. Baadhi yao watarudi kulima msimu ujao. Wengine watapelekwa mnadani, na kutoka mnadani wataishia machinjioni. Kwa watu wa Bonde la Usangu hilo ni jambo la kila mwaka, na ni wachache wanaosimama kulitafakari.

Mahali pengine duniani watu wameanza kutafuta nyama isiyopitia machinjioni. Tarehe 5 Agosti 2013, jijini London, mwanasayansi Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, aliwaonyesha waandishi wa habari kipande cha nyama kilichokuzwa kutokana na seli za ng'ombe. Kipande hicho kimoja kiligharimu zaidi ya dola 300,000 za Marekani. Desemba 2020 Singapore ilikuwa nchi ya kwanza kuruhusu nyama ya kuku ya namna hiyo iuzwe kwa walaji. Marekani ikafuata Juni 2023. Italia, kwa upande wake, iliipiga marufuku mwaka huo huo, na mwaka 2024 majimbo ya Florida na Alabama yakafanya vivyo hivyo.

Bado nyama hii haijafika kwenye mabucha ya Mbarali. Hata hivyo swali lake limekwisha kufika, kwa sababu linagusa jambo ambalo Waadventista Wasabato wamelihubiri kwa zaidi ya miaka 150. Ikiwa nyama inaweza kupatikana bila kumwua mnyama, je, dhamiri ya mwamini imepata pumziko? Na je, hiyo ni habari njema kwa Usangu?

Inavyotengenezwa

Mtaalamu huchukua kipande kidogo cha msuli kutoka kwa mnyama aliye hai. Ndani yake huchagua seli zile ambazo katika mwili hufanya kazi ya kuponya msuli ulioumia. Seli hizo huwekwa katika maji yenye sukari, chumvi, vitamini na viini vya protini, ndani ya chombo chenye joto kama la mwili. Humo hugawanyika: moja huwa mbili, mbili huwa nne, na kuendelea. Zikishakuwa nyingi, husaidiwa kushikamana hadi ziwe nyuzi za nyama.

Kazi hii ina ugumu wake. Mwili wa ng'ombe una kinga dhidi ya vijidudu, lakini seli zilizo ndani ya chombo hazina kinga yoyote, hivyo uchafu kidogo tu unaweza kuharibu zote. Umeme hautakiwi kukatika. Tena kwa miaka mingi maji ya kuzilishia yalichanganywa na majimaji ya damu ya ndama aliyekuwa bado tumboni mwa ng'ombe aliyechinjwa. Watengenezaji kadhaa wametafuta njia ya kuacha damu hiyo, na baadhi wamefaulu. Mwamini anayesikia kwamba nyama hii haina mauaji ndani yake anayo haki ya kuuliza kwanza seli zililishwa nini.

Mnyama mbele za Mungu

Katika Mwanzo 1:29, 30 chakula cha kwanza cha mwanadamu kilikuwa mimea yenye mbegu na matunda, na wanyama nao walipewa majani. Ruhusa ya kula nyama ilikuja baada ya gharika, nayo ilikuja na mpaka: damu isiliwe, kwa kuwa ndiyo uhai (Mwanzo 9:3, 4). Kwa hiyo hata pale Mungu aliporuhusu, alimkumbusha mwanadamu kwamba uhai wa mnyama si mali yake.

Sheria ya Musa inaendelea katika mwelekeo huo huo. Ng'ombe na punda wanahesabiwa katika pumziko la Sabato (Kutoka 23:12). Ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa (Kumbukumbu la Torati 25:4). Mithali 12:10 inampima mwenye haki kwa namna anavyoujali uhai wa mnyama wake. Na kitabu cha Yona kinafungwa kwa Mungu kutaja wanyama wengi wa Ninawi miongoni mwa sababu za kuuhurumia mji ule.

Mara nyingi ujumbe wa afya umefundishwa kama suala la magonjwa tu: moyo, shinikizo la damu, saratani. Hilo ni kweli, na uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Loma Linda ulioanza mwaka 2002, ukiwafuatilia Waadventista wapatao 96,000 wa Marekani na Kanada, umelitia nguvu. Lakini historia ya kanisa inaonyesha sababu nyingine. Ellen G. White alipokea nuru juu ya afya huko Otsego, Michigan, Juni 1863. Pamoja na hayo, kwa miaka iliyofuata nyama ilionekana mezani pake mara kwa mara. Ni mwaka 1894, kwenye makambi ya Brighton nchini Australia, ndipo alipoiacha kabisa. Kilichomgusa wakati ule ni maombi ya mwanamke Mkatoliki aliyemsihi kwa ajili ya mateso ya wanyama. Aliyeufikisha ujumbe huo hakuwa mshiriki wa kanisa lake, lakini alimsikiliza.

Kwa hiyo Mwadventista hana sababu ya kuicheka nyama ya maabara kana kwamba ni wazimu wa Wazungu. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Battle Creek, Dkt. John Harvey Kellogg alikuwa tayari anatengeneza vyakula vya karanga na ngano ili vichukue nafasi ya nyama. Kutafuta mbadala wa nyama ni kazi ambayo wana wa kanisa hili waliianza mapema. Ikiwa chombo cha maabara kitapunguza mateso ya viumbe wanaosafirishwa kwa siku nyingi wakiwa wamebanwa kwenye malori bila maji, jambo hilo ni jema, na mwamini anaweza kulishukuru.

Najisi, safi na damu

Swali la pili huulizwa haraka darasani: je, seli ya nguruwe iliyokuzwa katika chombo bado ni nguruwe? Biblia haikutaja maabara, lakini kanuni yake iko wazi. Walawi 11 inapambanua wanyama kwa aina yao. Haipambanui kwa namna walivyochinjwa. Seli hubeba aina ya mnyama ilikotoka, na ikigawanyika mara milioni inabaki kuwa ya aina hiyo. Isingekuwa hivyo, hata mtengenezaji asingeweza kuiuza kwa jina la nyama ya nguruwe. Basi kilicho najisi hakitakaswi na chombo.

Wengine nao wamelipima jambo hili. Februari 2024 Baraza la Kiislamu la Singapore lilitoa uamuzi kwamba nyama ya namna hii inaweza kuwa halali, kwa masharti, likiwamo sharti la seli kutoka kwa mnyama halali. Katika mji kama Ubaruku, ambako Wakristo na Waislamu hununua nyama kwenye bucha moja, ni vema kujua kwamba majirani wanasumbuliwa na swali linalofanana.

Ng'ombe wa Usangu si nyama tu

Hapa ndipo swali linapokuwa gumu. Wanaozungumzia nyama ya maabara katika miji mikubwa humtazama ng'ombe kama chanzo cha nyama, basi. Usangu ng'ombe ni zaidi ya hapo. Analima kwa plau, anavuta mkokoteni wa magunia, anatoa maziwa, samadi yake inarutubisha bustani, na kwa ngozi yake mtu anapata fedha kidogo. Mtoto akifaulu kwenda sekondari, ng'ombe mmoja anauzwa. Mtu akilazwa, mwingine anauzwa. Kijana akioa, ng'ombe ndio wanaounganisha koo mbili. Kwa mfugaji asiye na akaunti, zizi ndilo benki.

Wasangu walifuga tangu zamani. Baadaye wakaja Wamasai, Wabarbaig na Wasukuma kutoka kaskazini, na wengi wao walihama na mifugo yao kutafuta malisho na maji. Nyama ikitengenezwa kiwandani kwa bei nafuu siku moja, itachukua nafasi ya kitu kimoja tu kati ya hivyo vyote, yaani nyama. Lakini nyama ndiyo inayompa ng'ombe bei mnadani. Bei ikianguka, ile benki ya mfugaji itakuwa imefilisika bila yeye kufanya kosa.

Mtu anaweza kujibu kwamba jambo la haki halizuiliwi na hasara ya mwenye kufaidika na lisilo haki. Biashara ya watumwa ilipokomeshwa, wafanyabiashara nao walipata hasara, na hakuna anayesema ingeachwa kwa ajili yao. Jibu hilo lina uzito. Hata hivyo mfugaji wa Usangu si mfanyabiashara wa utumwa. Anaishi ndani ya ruhusa ambayo Mungu mwenyewe aliitoa baada ya gharika, na mara nyingi anamjua kila ng'ombe wake kwa jina na kwa rangi. Ibrahimu, Isaka na Yakobo waliishi vivyo hivyo. Hasara yake haifanyi huruma kwa mnyama iwe kosa, ila inawadai wanaoihubiri wajibu swali la gharama.

Somo la mwaka 2006

Usangu inalifahamu swali hilo. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Maji yake hupitia Ihefu, eneo oevu la Usangu, na huko chini hufika Mtera na Kidatu yanakozalisha umeme. Mwaka 2006 nchi ilikuwa na ukame na mgawo wa umeme. Ng'ombe wa Usangu wakatajwa kuwa chanzo kikubwa cha kuharibika kwa Ihefu. Kati ya 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa kwa wingi, na wengi wao wakaelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Safari ilikuwa ndefu, mifugo mingi ilipotea, na mwaka 2007 serikali iliunda tume kuchunguza jinsi zoezi hilo lilivyoendeshwa. Mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi.

Kuuhifadhi mto ni jambo jema. Bila maji ya Usangu wanyamapori huteseka, samaki hufa na taa huzimika mijini. Lakini tafiti za bonde hilo zilionyesha pia kwamba mifereji ya mpunga ilichukua sehemu kubwa ya maji ya kiangazi. Ng'ombe alionekana kirahisi, kwa kuwa ana miguu na vumbi lake huonekana kutoka mbali. Mfereji hutiririka kimya kimya. Walioondoka walikuwa wenye ng'ombe.

Darasa la Ubaruku linapaswa kulitazama jambo hili kwa makini, kwa sababu wengi wa wanafunzi wake wanaishi kwa mpunga. Sahani ya wali haina damu, ila imetumia maji mengi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2013 kwamba mifugo huchangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za wanadamu. Takwimu hiyo hunukuliwa mara nyingi dhidi ya wafugaji. Ni mara chache kusikia kwamba majaruba yaliyojaa maji nayo hutoa gesi ya methani. Asiyekula nyama hajawa mtu asiye na deni kwa uumbaji.

Ezekieli 34:17–19 inasema na kundi lenyewe, si na wachungaji peke yao. Nabii anawakemea kondoo walioshiba malisho mema, kisha wakayakanyaga yaliyobaki, na waliokunywa maji safi wakayavuruga kwa miguu ili wengine wanywe tope. Maneno hayo yanawapata wote wawili: mwenye ng'ombe wengi kuliko nyasi, na mwenye mfereji unaomaliza maji kabla hayajamfikia aliye chini.

Ibrahimu alivyoamua

Mwanzo 13 inaeleza ugomvi ambao mtu wa Usangu anaweza kuuelewa bila msaada wa mfasiri. Nchi haikuwatosha Ibrahimu na Lutu, na wachunga ng'ombe wao wakagombana. Ibrahimu alikuwa mzee, tena ndiye aliyepewa ahadi ya nchi. Kwa desturi yeye ndiye angechagua na kijana angeondoka. Badala yake alimwambia Lutu achague kwanza, naye akabaki na kilichosalia. Lutu akachukua bonde lenye maji.

Ibrahimu hakuitafuta amani kwa gharama ya yule mdogo. Aliyekuwa na haki zaidi ndiye aliyebeba hasara. Kanuni hii ndiyo inayokosekana mara nyingi katika mazungumzo ya nyama ya maabara. Watu walioshiba, wenye maduka yaliyojaa na umeme usiokatika, wanaweza kuona mwisho wa ufugaji kama ushindi, na asiye na kitu kingine zaidi ya zizi ndiye akalipa. Huruma inayoanzia kwenye zizi la jirani bado haijafanana na ile ya Ibrahimu.

Tamaa isiyoponywa na maabara

Kuna jambo moja zaidi ambalo chombo cha maabara hakiwezi kulifanya. Katika Hesabu 11 Israeli walikuwa na chakula. Mana ilishuka kila asubuhi, bila mnyama kuchinjwa na bila jembe kushikwa. Lakini walilia kwa ajili ya nyama wakikumbuka Misri. Mungu akawapa kware kwa wingi, na mahali pale pakaitwa kwa jina la makaburi ya wenye tamaa. Shida haikuwa kware. Kware ni ndege safi. Shida ilikuwa moyo uliokataa kutosheka na kile Mungu alichokitoa.

Mtu anaweza kuacha kisu na asiache tamaa. Anaweza kula nyama ya chombo kila siku, akawa na kiburi kumzidi mla nyama wa kawaida. Danieli alipoomba mboga na maji huko Babeli (Danieli 1), alikuwa anaamua ni nani atakayeitawala meza yake. Warumi 14 nayo inamwonya mwenye dhamiri nyepesi na mwenye dhamiri nzito wasihukumiane kwa ajili ya chakula. Ellen White mwenyewe, pamoja na msimamo wake, hakufanya suala la nyama kuwa kipimo cha ushirika wa kanisa, na alitambua kwamba kuna mahali ambapo chakula kingine hakipatikani kirahisi.

Tena Nyanda za Juu Kusini hazihitaji kusubiri maabara. Maharage ya Mbeya, ambayo aina zake kadhaa zimezalishwa na watafiti wa Uyole, yanaliwa nchi nzima. Kuna karanga, soya, njegere, mboga za majani na parachichi. Sufuria ya maharage inayochemka Ubaruku leo inagharimu kidogo na haitegemei chombo chochote cha kigeni. Mbadala wa nyama ambao Kellogg aliutafuta kwa mashine umekuwa jikoni mwa mama wa Mbarali siku zote. Mwamini anayeguswa na uhai wa mnyama anaweza kuanza kesho asubuhi, na hasara ya uamuzi wake, kama ipo, itaanzia kwenye sahani yake mwenyewe.

Basi nyama ya maabara ipokewe kwa kiasi. Inaweza kumpunguzia mnyama maumivu, na hilo Mungu halidharau. Haiwezi kuifanya najisi kuwa safi, haiwezi kumlipa mfugaji aliyepoteza benki yake, wala haiwezi kuutawala moyo wenye tamaa. Isaya 11:6–9 inatangaza siku ambayo hakuna atakayedhuru wala kuharibu, na simba atakula majani kama ng'ombe. Siku hiyo italetwa na Mungu, na katika picha hiyo ya nabii ng'ombe bado yupo, malishoni, pamoja na mtoto mdogo anayewaongoza wanyama. Anayeingojea siku hiyo anaweza kuiishi tangu sasa: kwa maksai asiyechapwa kupita kiasi, kwa mfereji unaofungwa kwa zamu ili aliye chini apate maji, na kwa mfugaji anayekaribishwa darasani bila kutazamwa kama adui wa mto.

Maswali ya Kujadili

1. Someni Mithali 12:10 na Kutoka 23:12. Ni mambo gani katika kulimisha, kusafirisha na kuchinja wanyama hapa kwetu yanayopingana na mafungu haya? Ni lipi linaloweza kubadilishwa mwaka huu?

2. Mtu anasema, "Mimi sili nyama, kwa hiyo sina hatia juu ya uharibifu wa mazingira." Mtamjibuje kwa kutumia Ezekieli 34:17–19?

3. Linganisheni uamuzi wa Ibrahimu katika Mwanzo 13 na jinsi migogoro ya wakulima na wafugaji inavyomalizwa leo. Ni nani kwa kawaida hubeba hasara? Kanisa lifanye nini pale ambapo washiriki wake wako pande zote mbili?

4. Katika darasa lenu yuko mfugaji anayemtegemea ng'ombe kwa ada ya shule, na yuko pia aliyeacha nyama kwa ajili ya dhamiri. Warumi 14:13–21 inamwagiza kila mmoja afanye nini kwa ajili ya mwenzake?